Dakika ya Mwenye Ufunguo

…dakika, eti dakika, bosi kidole juu, simu sikioni, ufunguo wa geti kiunoni, na jirani kashampigia mshonaji mara ya pili, shoga, mtoto anawaka moto, macho yamegeuka juu, njoo sasa hivi, naye kasimama mbele ya huyu msimamizi Mturuki, mtu mzima na akili zake, anasubiri dakika, shenzi, na neno lenyewe alilipenda, jamani, alilipenda, siku ya kwanza humu kiwandani hajui hata kuomba maji kwa Kituruki, maneno yote yanampita, mara akasikia dakika, akageuka akidhani ni mtu wa kwao, akacheka peke yake juu ya cherehani mpaka wenzake wakamwona chizi, kumbe neno la Waarabu lina miguu, limefika kwao, limefika kwa Waturuki, hata mpiga pasi Mhausa analo, ila kwa Wahausa, alimwonyesha akialisha vidole, ta!, dakika ni sekunde tu, heri bosi angekuwa Mhausa… “Bosi, tafadhali, mtoto wangu…” “Dakika!” wala hajageuka, anacheka na simu yake, anacheka!, na mtoto huko nyumbani, sijui wamempoza na maji, sijui anaita mama, ee Mola, dakika ukitaka kwenda msalani, dakika sindano ikikutoboa kidole, damu inachuruzika, dakika, na yeye mshonaji je, kamwambia bosi dakika lini?, bosi akipiga makofi, haraka, haraka, mashati yatoke, nani alishathubutu kuinua kidole, si yeye, si Mhausa, mwanamume mzima mwenye mabega ya mlango, neno la wote hili, kila mtu kaja nalo kutoka kwao, lakini anayelisema ni mmoja, wengine tunalimeza, tumelimeza mpaka limetuvimbisha, basi imetosha, mkono wake si mkono?, ufunguo huo hapo, unaning'inia karibu kuliko mkasi wake, anauchomoa, anafungua geti, na bosi akigeuka akapayuka, yeye hana haja ya mkalimani, jibu lishamkaa mdomoni, tamu kama siku ile ya kwanza, atamwinulia kidole na kumwambia lilelile, asubiri yeye leo, apigwe na jua hapo getini, mtoto wangu kwanza… na nyuma yake kidole cha msimamizi bado kiko juu, simu bado sikioni, anacheka.