Chuo cha Mtu Binafsi

Rehani Mdoe na mkewe, Hajira Mhina, wote wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi pale Misima, wilaya ya Handeni. Mwaka 1975 walipitiwa na Valerian, aliyesoma na Rehani chuo cha ualimu, akitokea Nairobi. Akawasimulia habari za chuo kikuu kimoja cha huko, si cha serikali, kilichofunguliwa na wafadhili wa ng'ambo, ambacho kilikuwa kinasomesha walimu bure. Rehani alikuwa na kiu ya kusoma tangu alipokosa nafasi ya kidato cha tano. Akaomba. Akamshawishi na Hajira aombe, ili asingoje majibu peke yake.

Majibu yalikuja wakati wa mvua za vuli. Rehani alikataliwa. Hajira alikubaliwa.

Hakuna aliyeeleza kwa nini. Rehani alisoma majibu yote mawili, akayarudia, kisha akatoka nje akaanza kutengeneza mlango wa banda la kuku ambao haukuwa umeharibika. Hajira alitaka kumwomba radhi lakini hakujua anaomba radhi kwa kosa gani. Walikaa hivyo siku kadhaa, wakizungumza habari za mahindi na za mtoto wao, Swaumu, aliyekuwa na miaka minne. Mwisho Hajira akamwuliza waziwazi kama aende.

"Nenda," Rehani alisema. "Nikikuzuia, hilo neno nitakaa nalo humu ndani maisha yangu yote."

"Unalisema kwa moyo?"

"Moyo wangu sijauelewa bado, mama Swaumu. Wewe nenda."

Kumbe Rehani ndiye aliyekuwa rahisi. Mama mkwe wa Hajira, bibi Mashavu, alikubali kumlea mjukuu, ila kila jioni aliuliza tena mwalimu anakwenda kufundishwa nini wakati yeye mwenyewe ndiye anayefundisha. Kwenye mkutano wa kijiji mambo yakawa magumu zaidi. Mwenyekiti, mzee Semboja, hakuwa mtu mbaya, lakini lile neno "binafsi" lilimkwama kooni. Aliuliza chuo hicho ni cha nani. Hajira akajibu kwamba si cha mtu mmoja, ni cha shirika. Mzee akauliza shirika la umma? Hajira akasema hapana, la watu binafsi.

"Mashamba ya mkonge tumeyachukua, mabenki tumeyachukua," mzee Semboja alisema taratibu, kama anayesahihisha hesabu zake. "Leo sisi wenyewe tumpeleke mwalimu wetu kwa mtu binafsi. Nisaidieni, ndugu zangu. Hapo tumekwenda mbele au tumerudi nyuma?"

Hakuna aliyemsaidia. Mtu mmoja akapendekeza ombi la mwalimu lipelekwe wilayani, na wilayani nako wakamkodolea macho, wakampa likizo bila malipo kwa sababu hawakupata kanuni ya kumnyima.

Nairobi haikumtisha. Alijua kusoma ramani, alijua kuuliza, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko alivyodhani. Kilichomsumbua ni kitu kingine. Siku ya kwanza mhadhiri mmoja alimwuliza anapenda kusoma nini, Hajira akadhani hajasikia vizuri. Kwao mtu alipangiwa: ualimu, uganga, kilimo, kulingana na mahitaji ya taifa. Alijibu kwamba atasoma watakachompangia. Mhadhiri akacheka kwa upole, akamwambia arudi kesho akiwa ameamua. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, bila uamuzi, mpaka siku moja akataja historia kwa sababu kwenye orodha ya masomo ndiyo iliyokuwa imeandikwa karibu na kidole chake.

Nyumbani walikuwa wamemwonya kuwa anakwenda kwa mabepari wanaokulana. Huko wenzake bwenini wakamwuliza kama ni kweli kwao hakuna hata cha kula. Aliwajibu kwa hasira. Darasani, mada ilipokuwa Ujamaa, Hajira alisimama akavitetea vijiji kwa nguvu zote: shule, zahanati, maji ya bomba, watu kukaa pamoja. Wenzake wakampigia makofi. Alipoketi alijishangaa, maana Misima yeye ndiye aliyekuwa akinung'unika kuliko wote. Baba yake, mzee Mhina wa Kerenge, alihamishwa kwenye operesheni ya vijiji akaiacha michungwa yake, na Hajira alimwona mzee huyo akilia kwa mara ya kwanza. Ya michungwa hakuyasema darasani. Hakujua kwa nini hakuyasema.

Mwisho wa mwaka 1976 alipata simu ya maandishi kwamba mzee Mhina amefariki. Maziko hakuyawahi. Aliomba ruhusa, akafika Kerenge siku chache kabla ya arobaini, akaacha vitabu na nguo zake Nairobi kwa kuwa alitarajia kurudi upesi. Alikuta ndugu wamemzika baba kule kwenye mahame, kati ya michungwa yake, kama alivyoagiza. Baada ya kisomo baba yake mdogo alisema mbele ya wote kwamba kilichomuua kaka yake ni kutembea kila siku kwenda kuitazama miti ile. Kisha akamgeukia Hajira.

"Wewe uliyesoma, utuambie. Ilikuwa haki au haikuwa?"

Hajira alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyasema darasani yalikuwepo, na machozi ya mzee Mhina yalikuwepo, na hakuna upande uliokubali kuupisha mwingine. "Sijui, baba," alisema. Baba mdogo akatikisa kichwa, akaendelea kumimina kahawa.

Kwa sababu ya msiba, redio pale nyumbani haikuwa imefunguliwa wiki nzima. Ndiyo maana Hajira na Rehani, aliyekuja kumsindikiza hadi Mombo, hawakuwa na habari yoyote. Mombo walikuta abiria wamejazana kuliko kawaida, wachuuzi wa mayai na mahindi ya kuchoma wakipita katikati yao. Juu ya mlango wa ofisi ya chama mtu alikuwa akikwangua herufi za TANU. Chama sasa kilikuwa na jina jipya. Dereva mmoja aliyetoka Arusha akawaambia kwamba njia ya Kenya haipo tena.

"Mpaka umefungwa," alisema.

"Umefungwa mpaka lini?" Hajira aliuliza.

Dereva akasema hilo hakuna aliyemwambia.

Rehani alishika begi akitaka warudi. Hajira akakataa; akasema hawezi kurudi kwa neno la kusikia, lazima aone. Akapanda basi la Arusha, na Rehani, ambaye hata shati la kubadilisha hakuwa nalo, akapanda nyuma yake.

Kesho yake walifika Namanga. Palikuwa na kizuizi cha barabarani, malori yamepanga mstari, na askari vijana waliochoka kuulizwa. Mbali kidogo Wamasai walikuwa wakivusha ng'ombe kama siku zote, na hakuna aliyewazuia. Hajira alieleza kwamba ni mwanafunzi, vitu vyake viko upande wa pili. Askari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Rudi nyumbani, mama," alisema. "Hata sisi tunangoja kuelezwa."

Walirudi. Basi lilipoteremka Same, Rehani alizungumza bila kumtazama.

"Nimefurahi umekwama," alisema. "Na ninaona haya kufurahi. Nimeona nikuambie."

Hajira alijichunguza mpaka Mombo ilipoanza kuonekana. Hasira aliyoitafuta hakuipata, wala furaha.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Mimi yangu yakijulikana, nitakuambia na mimi."

Mpaka ulikaa umefungwa miaka sita. Vitu vyake havikurudi. Mwezi wa tatu mwaka ule ule wa 1977 Hajira alirudishiwa darasa lake la zamani, darasa la tatu. Asubuhi hiyo Swaumu alimshika mkono hadi mlangoni, watoto wakasimama wote pamoja wakamwamkia. Hajira akawaambia wakae, akachukua chaki, akasimama mbele ya ubao muda mrefu kiasi, hadi wakaanza kutazamana.

Kisha akaandika tarehe.