Mtalii wa Corbett

Ili niingie kijijini kwangu Corbett, ilibidi niwe mtalii. Nimezaliwa pale, nimepiga lipu nusu ya nyumba zake, na mke wangu Ismay nimemzika pale mwaka mmoja kabla mlima wa volkano haujaamka ukatufukuza kutoka upande wa kusini wa kisiwa chetu cha Montserrat. Mara tatu nimeomba kibali, mara tatu ofisi imenijibu kwamba eneo ni la hatari. Hatari hiyo ina macho, inachagua. Wageni wa melini wanapita getini na kofia zao, malori ya mchanga yanapita kutwa, ila mwenye kaburi ndiye atakayeungua.

Mwaka huu nikasikia malori yamefungua njia mpya kwenda gatini, mchanga unakopakiwa melini, na njia hiyo inakatiza palipokuwa makaburi. Nilitaka kitu kimoja tu: nijue kama wanampita Ismay juu, na kama wanampita, niweke alama.

Cleveroy Fenton, mtoto wa dada yake Ismay, ndiye hutembeza wageni. Nilimganda wiki nzima. Mwishowe akasema:

"Haya, Anko Nehemiah. Vaa kaptura."

"Kaptura ya nini?"

"Umeona mtalii gani anavaa suruali ya mazishini?"

Nikavaa kaptura, miaka sabini na minne, magoti kama vifuu. Garini walikuwemo mke na mume kutoka Kanada, watu wapole, mume akipiga picha kila kitu mpaka kibao cha choo.

Tulianza na hoteli ya zamani. Bwawa la kuogelea limejaa majivu hadi ukingoni na miti imeota ndani yake. Yule mama akasema pazuri. Veranda ile niliisakafia mimi. Sikusema, mtalii hasakafii.

Getini tulimkuta Konstebo Verlyn Skerritt. Sheria ni kwamba askari afuatane na wageni. Akapekua mifuko, akatoa chupa yangu ya chai.

"Hii nini?"

"Maji ya mbuzi," nikasema. Ndivyo tunavyouita mchuzi wetu wa mbuzi, wa harusi na wa msiba.

"Ee! Mtalii na maji ya mbuzi!" Akacheka, akamimina kifunikoni, akaonja. Kicheko kikakatika. "Hayana chumvi."

Cleveroy akadakia: "Huyu mgeni ana presha."

"Presha ya nani?" Alikuwa ananitazama mimi.

Kila mtu wa kisiwa hiki anajua. Wafu hawali chumvi. Sahani yao hupakuliwa kwanza, kabla chungu hakijatiwa chumvi, na aliye hai haigusi. Nilikuwa nimefikiria kaptura na kofia, chungu sikukifikiria.

Akatema pembeni, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Mungu wangu. Umenilisha cha marehemu!"

"Umejilisha mwenyewe, mwanangu."

"Marehemu gani?"

"Mke wangu. Yuko chini ya njia ya malori, au kando yake. Ndicho ninachokwenda kujua."

Akamgeukia Cleveroy. "Na wewe, leseni umeikinai?" Yule mama wa Kanada akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna, mama," Konstebo akajibu. "Mambo ya viungo tu." Kisha akanisogelea. "Dakika kumi. Kituo cha kuchunguza mlima wakipiga redio, unakimbia na hayo magoti yako. Na mkubwa wangu akiuliza, mimi sikuonja kitu."

Corbett haipo. Pana uwanda wa kijivu, unanuka kiberiti, na mapaa yamechomoza kama migongo ya ng'ombe waliolala. Cleveroy aligeuza gari likaelekea tulikotoka, akaacha ufunguo mahali pake, kama wanavyofanya wote huku, mlima usije ukawawahi. Mnara wa kanisa, uliokuwa futi ishirini, ulinifikia kifuani.

Kaburi nilikuwa nalijua kwa hatua: ishirini na mbili kutoka mnarani kuelekea baharini, kisha sita kulia. Nikahesabu. Zikaishia kando ya njia, nje kabisa ya alama za magurudumu. Nikashusha pumzi. Hawampiti juu.

"Anko," Cleveroy akasema taratibu, "hizo hatua ni za mwaka gani?"

"Za siku ya mazishi."

"Siku ile ulikuwa na magoti."

Cleveroy sasa ana umri niliokuwa nao mimi siku ile, na kimo changu. Nikamwambia apige yeye. Akaenda mnarani, akahesabu kwa sauti, akasimama. Alikuwa katikati ya njia, gurudumu la kushoto linapita huku, la kulia kule.

Nikamimina mchuzi hapo, wote. Kisha nikaanza kuokota mawe.

La tatu nilikuwa nimelikumbatia lori lilipotokea. Likapiga honi, likasimama mbele yangu. Dereva akatoa kichwa.

"Wee mzee! Umechoka kuishi?"

"Zunguka."

"Nizunguke nini? Hapo si vumbi tupu!"

"Kuna mke wangu."

Akataka kucheka. Halafu akaona chupa, akaona na ardhi iliyolowa mafuta ya mchuzi. Akazima injini, akashuka, akavua kofia. "Samahani, bibi," akaiambia ardhi. Mimi akaniambia: "Mwenyewe nitazunguka. Wenzangu sita siwezi kuwasemea."

"Basi nisaidie mawe."

Tuliyabeba wawili, Cleveroy akawa wa tatu. Niliyapanga makavu, bila saruji, jiwe likishika jiwe, mpaka usawa wa goti. Konstebo akawa anapiga kelele, "Dakika kumi na saba, mzee! Kumi na nane!" lakini hakusogea kutuzuia. Mkanada alikuwa anapiga picha. Nilimwonyesha mkono, akaacha, ila alikuwa ameshapiga za kutosha.

Picha hizo ndizo zilizofika ofisini, zilifikaje, sijui. Konstebo ameondolewa getini, anapanga mafaili. Cleveroy amenyang'anywa leseni miezi mitatu. Hapokei simu yangu, na ana haki. Mimi niliandikiwa barua: nisikanyage kusini tena, na kile nilichojenga ni kizuizi kisicho na kibali, kitaondolewa. Kuondoa kizuizi wana wepesi. Mlima ulipotufukuza, hema la kulalia tulilingoja siku tisa.

Wiki iliyofuata nilipanda kile kilima cha ng'ambo ya bonde, ambako yeyote anaruhusiwa kusimama na kutazama. Niliketi kuanzia asubuhi hadi saa nane. Mawe sikuyaona, ni mbali, na macho yangu si ya jana. Huenda walikuwa wameshayatoa. Njia ilionekana vizuri, mstari mweupe ulionyooka kutoka machimboni hadi gatini. Malori yalipita yote saba. Kila moja, lilipofika usawa wa mnara, lilipunguza mwendo, likapinda upande wa bahari, kisha likarudi njiani.