Mahema ya Mzee Halitoki

Kama kungekuwa na tuzo ya kutunza vitu visitumike, mtunza stoo wa kituo cha misitu angeinyakua kila mwaka, kisha angeifungia kabatini isije ikapata vumbi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili tu. Kuanzia meneja hadi mfagizi, wote walimwita Mzee Halitoki, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila aliyefika dirishani kwake kuomba hema.

Lakini tusimwonee. Mzee alivijua vifaa. Kwenye kikao cha manunuzi wenzake walichagua hema kwa rangi, yeye alichagua kwa kucha: alikwaruza mshono, akapinda kitambaa, akauliza kama utepe wa kuzuia maji umefika hadi kwenye kona. Alijua kwamba kisu cha porini ni kile ambacho chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, si kile chenye dira kitakoni cha kuwafurahisha watoto. Alijua kwamba baridi ya porini humpata mtu kutokea chini, kwa hiyo anayebeba blanketi tatu akasahau godoro atatetemeka mpaka asubuhi. Yote hayo aliyajua kwa kusoma. Mwenyewe hakuwahi kulala nje hata siku moja, ukiacha ile ambayo mkewe alienda kwa dada yake na funguo.

Miaka kumi na minne nyuma kituo kilipata mgao mkubwa wa vifaa, na mzee ndiye aliyevichagua kimoja kimoja: mahema arobaini, jozi sitini za mabuti, mifuko ya kulalia, tochi za kichwani, sufuria na kamba. Walioviona siku vinashushwa walipiga miluzi. Mzee alivipanga kwenye rafu chini ya bati, vyote vikiwa ndani ya nailoni zake, akapiga kufuli mbili. Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: AKIBA HAIOZI. Tangu siku hiyo hakuna kilichotoka.

Si kwamba alikataa ovyo. Alikuwa na utaratibu. Ulijaza fomu nakala tatu, ukatafuta sahihi ya meneja, ukarudi, ukaambiwa umetumia wino mweusi badala ya buluu, ukaanza upya. Ukishafika mwisho kwa ukaidi wako, mzee alivaa miwani, akasoma kila mstari, akatazama angani kupitia dirisha. Ikiwa ni masika alisema, "Halitoki. Litalowa." Ikiwa ni kiangazi alisema, "Halitoki. Mvua yenyewe iko wapi?"

"Mzee, shikamoo. Kwani hema si limetengenezwa kwa ajili ya mvua?" mkuu wa doria alimwuliza siku moja. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, aliyekuwa akiongoza askari saba wa msitu na kukohoa kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita.

"Marahaba. Limetengenezwa lisipate maji, mwanangu. Nami ndicho ninachokifanya."

Mama alikunja fomu yake akaenda zake. Yeye na askari wake, jumla wanane, walikuwa na hema moja tu, kuukuu, walilolikuta tangu enzi za mtunza stoo aliyetangulia. Lilikuwa na viraka vya turubai, vya mpira wa tairi, hata kimoja cha koti la mvua, na wao walilipa jina la Bi Viraka. Wanne walilala ndani, wanne walisubiri zamu chini ya karatasi la plastiki. Masika yaliyopita mmoja wao alishikwa na nimonia akalazwa wiki tatu. Mzee, ambaye hakuwa na roho mbaya hata kidogo, alikwenda kumjulia hali. Alimpelekea machungwa sita na fomu mpya.

Sasa alikuwa anastaafu, na alikuwa na jambo moja tu moyoni. Meneja alimwahidi kwamba siku ya makabidhiano, ikionekana hakuna hata kigingi kilichopotea, ataandikiwa barua ya sifa yenye muhuri. Mzee alikwishanunua fremu. Barua hiyo ndiyo ingewafunga midomo wote waliomcheka miaka yote, pamoja na mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na kesi yake. Mwaka ule wa mgao, mzee alijinunulia hema la kampuni ileile ya mahema ya stoo, akalileta nyumbani akiwa amelikumbatia, akamwambia, "Nikipata nafasi nitakupeleka ziwani kule milimani, tulale wiki nzima." Kisha akalisukuma chini ya kitanda lisichafuke. Mkewe aliuliza mwaka wa kwanza, akauliza wa pili, wa tatu akaacha. Mzee akadhani amekubali.

Siku ya makabidhiano mrithi wake alifika asubuhi, mwanamke mfupi mwenye suruali ya kazi na maneno machache. Mzee alimfungulia daftari. Yule mwanamke akatazama rafu.

"Tuyafungue," alisema.

"Kufungua?" Mzee alishtuka kana kwamba ameambiwa avue nguo. "Idadi si hii hapa?"

"Idadi nimeiona, mzee wangu. Mahema ndiyo sijayaona."

Meneja, aliyekuwa anatafuta sababu ya kutorudi kwenye makaratasi yake, aliona ni wazo zuri. Doria ilikuwa imerejea asubuhi hiyo, na Bi Viraka alikuwa amesimamishwa uani akianikwa. Askari wakaitwa wasaidie. Walikuja mbio. Kwa miaka kumi na minne walikuwa wakiyaona mahema hayo kupitia nyavu za dirisha tu.

Nailoni ya kwanza ilipochanwa, harufu iliyotoka ilikuwa ya maziwa yaliyocheuliwa na mtoto. Hema lilikuwa limegandamana. Askari wawili walilivuta huku na huku, likaachia kwa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, na utando wote wa ndani, ule wa kuzuia maji, ukawabaki mikononi kama maganda ya viazi. La pili vilevile. La tatu vilevile. Meneja akaagiza mpira wa bustani, wakalimwagia maji lile lililoonekana afadhali, nayo yakapita kama yanapita kwenye chujio. Tochi zilikuwa zimetapikiwa na betri zake. Mifuko ya kulalia iligoma kuumuka. Sufuria na kamba zilikuwa nzima, basi mzee akawa anazionyesha kila baada ya muda, na hakuna aliyezitazama.

Mkuu wa doria alichagua mabuti ya namba yake, yale aliyoyajazia fomu mara nne. Ngozi ilikuwa inang'aa. Aliyafunga kamba taratibu, akasimama, akaanza kutembea kuelekea getini. Hatua ya saba soli ya kushoto ilibaki nyuma. Alipogeuka kuitazama, ya kulia ikamegeka vipande vipande.

Akaiokota ile nzima, akarudi nayo.

"Mzee, hii nairudisha hivihivi," aliuliza, "au nijaze fomu kwanza?"

Uani kulilipuka kicheko. Mzee aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni na kushuka hadi magotini.

"Hayajaguswa!" alisema. "Jamani, hayajaguswa hata mara moja!"

"Huo ndio ugonjwa wenyewe," alisema mrithi wake. Alikuwa ameshika kijikaratasi alichokitoa ndani ya nailoni ya hema, akamsogezea. Mzee alivaa miwani. Palikuwa na mistari miwili: lisikae limekunjwa mahali penye joto, na kila baada ya miezi michache litandazwe lipate hewa. Mzee alikuwa amesoma kila kitu kilichowahi kuandikwa kuhusu mahema, isipokuwa hicho, kwa sababu ili kukisoma ingembidi achane nailoni.

Mtu mmoja akaelekeza mpira kwa Bi Viraka. Maji yakateleza juu ya viraka yakaanguka pembeni. Mkuu wa doria aliingiza mkono ndani, akautoa mkavu, akawaonyesha wote.

Meneja alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, hasa ahadi ya bure. Waliyahesabu mahema hayo maiti: arobaini. Soli zilizomegeka zilihesabiwa pamoja na mabuti yake: jozi sitini. Vigingi vyote vilikuwepo. Akaisoma barua mbele ya wote: "Katika muda wote wa utumishi wake, hakuna kifaa hata kimoja kilichopotea." Watu wakapiga makofi. Mzee akaikunja akaitia mfukoni, akatoka kwa kupita chini ya maandishi yake mekundu bila kuinua macho.

Nyumbani hakusalimia. Aliingia chini ya kitanda akatoka na hema lake, akalichana nailoni sebuleni. Harufu ilipomfikia, alikaa chini. Mkewe akasimamisha cherehani, akaja, akakisugua kitambaa kwa vidole viwili kama anavyofanya kwa wateja.

"Hiki kimekufa, baba. Hakishoneki."

"Nilikuwa nalitunza kwa ajili yako."

"Najua. Na mimi mwaka ule nilishona gauni la safari. La maua ya njano."

"Liko wapi? Livae, twende Jumamosi. Kweli nakwambia, twende."

"Nililikata nikashona foronya," mkewe alisema. "Unalilalia mwaka wa kumi huu."

Mzee aliugeukia mlango wa chumbani. Mito ilikuwa palepale kitandani, ya maua ya njano yaliyofifia, na hakukumbuka kama aliwahi kuitazama. Mkewe akalainika kidogo, si sana. "Tafuta hema," alisema. "Ukilipata, nitakuja. Nitavaa hata suruali yako."

Kesho yake alfajiri mzee alikuwa kituoni, mstaafu wa siku moja, akiwa na fomu nakala tatu, wino wa buluu, mwandiko wake bora kuliko yote: hema moja, liitwalo Bi Viraka, siku mbili. Alimkuta mkuu wa doria uani akilifunga mgongoni, askari wake wakimngoja getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akampa fomu kwa mikono miwili. "Ni kwa ajili ya mama wa nyumbani kwangu. Nilimwahidi zamani."

Mkuu wa doria aliisoma yote, mstari kwa mstari. Akatazama angani, ambako mawingu yalikuwa yanakusanyika. Uso wake haukuwa na kebehi hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi. Akakunja fomu vizuri, akamrudishia.

"Halitoki, mzee wangu," alisema. "Linatumika."