Daktari Anasema

Mume wangu ni fundi wa suti, na kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa yetu amenipima kiuno mara nyingi kuliko alivyonisikiliza. Mimi ni nesi. Niko zahanati ya pale mlimani, chumba namba nne, tunakofunga vidonda na kupima sukari. Kila siku ya Mungu watu wanajaa kwenye benchi wakisubiri niwaambie wale nini na waache nini, na wakitoka wanasema asante nesi, Mungu akubariki. Halafu narudi nyumbani kwa mgonjwa wangu mwenyewe, mwenye sukari ya kutisha, namkuta dukani kwake, mbele ya nyumba, ameinamia cherehani na soda pembeni.

"Fundi, hiyo soda."

"Ya mwisho hii, mama watoto."

Ya mwisho ilikuwa na dada yake chini ya meza, nyuma ya vitambaa. Vidonge nilivyomletea alivitia kwenye kopo la vifungo, na kuna mteja aliwahi kurudi kuuliza hiki kitu cheupe kwenye mfuko wa koti lake kinashonewa wapi. Nilipofoka, Fundi alicheka. Dawa za hospitali zinachosha mwili, alisema. Tena akaongeza kwamba mimi namwona mgonjwa kwa sababu nimezoea kukaa na wagonjwa. Nilisema mpaka koo likanikauka, nikanyamaza, nikasema tena. Wapi!

Mwezi wa tatu sindano ikadondoka ikamchoma kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu wa pedali. Hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye soksi wakati nafua. Baada ya wiki tano kidonda kilikuwa bado wazi, kingo zimeanza kuwa nyeusi, na harufu yake naijua, nainusa kazini. Marehemu baba mkwe alianza na kidole hivyohivyo. Tulimzika na mguu mmoja. Niliogopa jamani, niliogopa mpaka nikawa naamka nagusa miguu ya mume wangu chini ya shuka kuona kama ina joto.

"Kitakauka," alisema Fundi. "Kinahitaji upepo tu."

Sasa hapo ndipo alipoingia Pasipoti. Ni mteja wa siku nyingi, mfanyabiashara, na tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kukuomba glasi ya maji bila kukutajia uwanja wa ndege. Alikuja kujaribu koti, akaona bandeji.

"Fundi, nenda India!" akasema, mkono mmoja ukiwa ndani ya koti na mwingine nje. "Kuna tiba yao ya jadi, Ayurveda. Ya maelfu ya miaka! Mzee anakushika hapa kwenye mkono kwa vidole vitatu tu, anakuambia mpaka ulichokula juzi."

"Hata mimi naweza kumwambia alichokula juzi," nilisema. "Mikate minne na jemu."

Hakuna aliyegeuka. Dakika kumi za Pasipoti, koti likiwa halina hata vifungo, zilifanya kazi ambayo miaka yangu yote haikufanya. Siku ya tatu mume wangu anatangaza wakati wa chakula cha mchana kwamba tunakwenda India, yeye na mimi. Yeye kutibiwa, mimi kutafsiri, maana Kiingereza chake ni cha vitabu vya mitindo, kinaishia kwenye kola. Nauli tulipataje, msiniulize. Wifi yangu, dada yake Fundi, alilia kwa furaha. "Hatimaye kaka yangu anapata daktari wa kweli," akasema, amekaa kwenye kochi langu, anakunywa chai yangu.

Kwa nini nilikubali? Kwa sababu nilipiga picha kichwani ya wiki tatu bila cherehani na bila duka la soda, chumba kimoja na mimi na mkoba wangu wa bandeji. Nilisema liwalo na liwe.

Kituo chenyewe kilikuwa kizuri, sisemi uongo. Vyumba vimepakwa chokaa, sakafu inang'aa, viatu vinaachwa mlangoni vimepangwa kwa jozi. Chumba cha tiba kilikuwa na meza nene ya mbao iliyochongwa mfereji pembeni, mafuta yasimwagike. Watu wanatembea polepole kwa mashuka meupe na nyuso za waliosamehewa. Daktari alikuwa mzee mpole, kucha safi, sauti ya chini. Akamshika Fundi mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani kalala.

Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba upepo wa mwili wa mume wangu umezidi, na moto wa tumboni umepungua. Apakwe mafuta ya vuguvugu, alale chali, anywe maji ya mizizi, apumzike. Nikamuuliza, na vidonge vya sukari vya hospitali? Akatabasamu, akasema hayo ni mambo ya madaktari wa kwetu, yeye hayaingilii.

"Anasemaje?" Fundi akauliza. Macho yamemtoka, anasubiri kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuiona nyumbani kwangu.

Wallahi sikupanga. Nilifungua mdomo nitafsiri kama nilivyosikia, nikaona ule mguu kwenye kigoda, na bandeji niliyoifunga asubuhi imeshaloa.

"Daktari anasema upepo umezidi," nikaanza. "Anasema upepo huo unatulizwa na vile vidonge vyeupe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Usikose hata siku moja."

Nilisubiri anicheke. Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Umeona?" akasema. "Huyu ndiye daktari. Hajaniona hata robo saa, kashajua."

Nilitaka kumrukia! Lakini nilikuwa nimeshaonja, na mkono wangu haukurudi nyuma tena. Daktari akisema mafuta ya ufuta, mimi nasema soda ni sumu. Daktari akisema alale chali, mimi nasema kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, na mguu wa kulia usikanyage pedali siku arobaini, halafu kikishafunga atembee kila jioni. Siku moja mzee alisema neno moja tu, "Vizuri," na mimi nikahutubia.

"Mbona yeye kasema kidogo hivyo?" Fundi akauliza.

"Kiingereza cha madaktari kinabana mambo," nikamjibu.

Na kwa kuwa binadamu hatosheki, siku ya mwisho nikatia na langu. Daktari alikuwa anatuaga, anatutakia safari njema. Nikamwambia Fundi: "Anasema vidole vyako vya mikono navyo damu haifiki vizuri. Uoshe vyombo kila siku baada ya chakula, maji ya vuguvugu, nusu saa."

"Vyombo?"

"Kasisitiza."

Fundi akamwinamia daktari kwa shukrani. Daktari naye akainama. Mimi nikaangalia dirishani.

Nilijiona mwizi, nasema ukweli. Niliweka maneno kwenye kinywa cha mzee wa watu ambaye hakunikosea kitu, na ambaye mafuta yake nami nilipakwa, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nianze kazi. Lakini kila asubuhi nilipofungua bandeji nyama ilikuwa inazidi kuwa nyekundu, nyekundu ya uzima, na wizi wangu ulinikaa vizuri tu.

Tuliporudi, Fundi akawa mtume. Cherehani kaifunika, anashona vifungo na mapindo kwa mkono, mguu juu ya stuli, anahubiri. Daktari wa India anasema hivi, daktari wa India anasema vile. Vidonge vikatoka kwenye kopo la vifungo, vikawekwa kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Kila baada ya chakula anakunja mikono ya shati anaelekea kwenye sinki, anatazama saa, nusu saa kamili. Wifi alipoona alitaka kumpokea sufuria.

"Ondoka hapo!" Fundi akamkaripia. "Hii ni tiba."

Mwezi wa pili tangu turudi kidonda kikafunga. Nilikipapasa kwa kidole, ngozi mpya, laini, nikaenda bafuni nikafungulia bomba nikalia. Kutoka pale akaanza kutembea jioni kama alivyoagizwa.

Siku moja matembezi yakamfikisha zahanati. Nikatoka chumba namba nne nikamkuta amesimama mbele ya benchi langu, wagonjwa wangu, anawahutubia: muache soda, mmeze dawa, muoshe kidonda kwa maji yaliyochemshwa, ndivyo alivyosema daktari wa India. Wale watu walikuwa wanaandika! Mama mmoja ambaye nimemwambia maneno hayohayo kwa miaka sita alikuwa anaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki.

"Nesi," akaniambia, "kumbe siri ipo India, na wewe ulituficha."

Nikarudi ndani nikafunga mlango.

Basi watu wakaanza kwenda kweli, Pasipoti akiwapangia safari. Wakawa wengi mpaka kituo kikaona kimwajiri mkalimani, binti anayeongea Kiswahili safi. Na mkalimani alipopatikana, kituo kikaamua kuwapigia simu wagonjwa wa zamani kujua hali zao.

Walipiga Jumamosi mchana, duka limejaa. Fundi alikuwa anambana Pasipoti suruali, pini nne mdomoni. Wifi alikuwepo, na mimi nilikuwa nimepeleka chakula. Pasipoti akaiegemeza simu kwenye cherehani, kwenye kioo cha simu akatokea daktari, mpole vilevile, na binti pembeni yake. Nikatua kikapu cha chakula chini.

"Daktari anakusalimu," binti akasema. "Anauliza, mafuta bado unapaka?"

"Kidogo," Fundi akasema kupitia pini. "Ila mwambie vidonge sijakosa hata siku moja!"

Binti akatafsiri. Daktari akakunja uso, akajibu.

"Daktari anauliza, vidonge gani? Anasema yeye hakuagiza vidonge. Hajui habari ya vidonge."

Wifi akashika kiuno.

"Haa! Kaka, unasikia? Umelishwa madawa ya hospitali miezi sita! Nani alikuwa anatafsiri?" Na jicho likanijia.

Aibu nilikuwa nayo, lakini kilichonikaba ni ule mguu. Namjua mume wangu. Akijua kwamba ni mimi, kabati la vioo linafunguliwa leo, vidonge vinakwenda chooni, soda zinarudi chini ya meza, na mimi narudi kupapasa shuka kutafuta joto. Nilimtazama tu. Yeye alikuwa anautazama mguu wake, kidole kimetokeza kwenye ndala, kizima, na ukucha wake.

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto.

"Binti," akaiambia simu, "kazi hii umeianza lini?"

"Wiki iliyopita, mzee."

"Ndiyo maana. Sasa mwambie daktari asante, mguu umepona. Halafu nyinyi wote mnisikilize. Mke wangu alikuwepo, na mke wangu ni nesi. Miaka yote hii anatibu watu. Akisema vidonge, ni vidonge. Anajua."

Anajua. Miaka ishirini na mitatu, nilikuwa sijalisikia neno hilo likitoka kwenye mdomo ule kunihusu mimi. Nikajifanya natafuta kijiko kwenye kikapu cha chakula, nikakitafuta sana, maana macho yalikuwa hayaoni.

Wifi akaondoka amenuna, Pasipoti akaondoka na pini mbili kwenye pindo bila kujua. Tukabaki wawili. Fundi akala, akafuta mdomo.

"Ya daktari yalikuwa yapi?" akauliza bila kuniangalia.

"Mafuta."

"Tu?"

"Na kulala chali."

"Vidonge?"

"Vyangu."

"Soda? Pedali? Kutembea?"

"Vyangu, baba watoto. Vyote."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama siku ile kwa daktari. Kisha akatazama masufuria kwenye kikapu, sahani mbili, vikombe, ule ukoko uliogandia. Akanitazama mimi.

"Na vyombo?"

Nikaanza kufunika masufuria.

"Mama watoto, nimekuuliza. Na vyombo?"

"Vyombo," nikasema, "daktari alisisitiza sana."

Akanikazia macho. Halafu akafungua vifungo vya mikono ya shati, akaikunja, kulia na kushoto, akabeba kikapu kwenda kwenye bomba la nyuma. Alipofika mlangoni akauliza kama kile cha jioni anameza kabla ya kula au baada. Miezi sita anakimeza na jibu analijua.

"Baada," nikamwambia.

"Haya, nesi," akasema, akafungulia maji.