Tarumbeta na Msimu wa Kunyamaza

Daktari wa koo alizima kitochi chake, akaketi, akakuna kidevu.

"Kaka, nyuzi zako za sauti zimeota vinundu. Unyamaze siku kumi. Hakuna kunong'ona wala kuguna. Ukikaidi, tutapasua, na sauti itakayorudi sijui itakuwa ya nani."

Mgonjwa alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, na mji mzima ulimwita Tarumbeta. Siku kumi! Mtu huyo alitangaza hata usingizini. Mara ngapi mkewe aliamshwa na penalti?

Mke ndiye aliyepata dawa. Katika duka la miwani alikofanya kazi, mteja mmoja alimsimulia nyumba ya mapumziko ambako watu hufanya yoga, hutafakari, na hawasemi neno.

"Nyumbani huwezi, mume wangu. Hapa hata jagi likianguka utalitangaza."

"Nitakwenda," Tarumbeta akakoroma kama msumeno butu. "Lakini mwisho wa msimu. Fainali nimeitangaza miaka kumi na miwili, simwachii mtu."

Mke akapiga simu. Mwalimu wa yoga, mama mwenye sauti ya kumbembelezea mtoto, akauliza wangependa msimu gani.

"Maana kiangazi, mpenzi, mikeka inaunguza makalio. Mvua zikipamba moto, bati linapiga kelele mpaka huisikii pumzi yako. Na wakati wa baridi watu wanatafakari blanketi tu."

"Yeye anataka mwisho wa msimu."

"Oo, huyo anajua mambo! Mvua zinaaga, majani mabichi, vumbi halijaanza. Nimeshamwandika."

Ujumbe ulipoingia, Tarumbeta aliusoma mara mbili. Siku kumi zingeanza Alhamisi hiyo. Fainali ilikuwa Jumapili.

"Huu ni mwisho wa msimu wa nini?"

"Wa mvua, si ndivyo ulivyotaka?"

"Wa mpira, mke wangu! Wa mpira! Kwani duniani kuna msimu mwingine?"

"Upo, na nguo zangu zimekuwa zikilowa ndani yake miezi mitatu. Hukuuona?"

Akampigia mwalimu. Nafasi nyingine ingepatikana kiangazi, ligi mpya ikiwa imeshaanza. Akampigia daktari, akaomba dakika tisini tu. Daktari akamjibu kwa upole uliouma kuliko tusi: "Itangaze, kaka. Ila waage wasikilizaji kabisa."

Siku mbili alinuna. Ya tatu akafunga begi, asije akamsikia aliyepewa kiti chake: Mawingu, dada wa redioni aliyesoma hali ya hewa tangu aajiriwe.

"Mawingu!" alimlalamikia mkewe walipofika getini kwa mwalimu. "Atawaambia mashabiki wabebe miavuli!"

"Hilo ndilo neno lako la mwisho. Funga mdomo, baba watoto, shuka kwenye gari."

Jumapili alasiri, watu tisa walisimama barazani kwa mguu mmoja, viganja vimekutana kifuani, wakiiga mti. Simu zote zilikuwa kabatini kwa mwalimu. Lakini nani angemnyang'anya mlinzi wa jirani redio yake? Iliwekwa juu ya ukuta, ikafunguliwa mpaka mwisho.

"Mpira unasogea taratibu kuelekea kaskazini mwa uwanja," Mawingu alisema kwa utulivu. "Kuna dalili za shuti katika maeneo ya kati."

Tarumbeta akafumba macho. Dalili! Dalili za shuti! Jasho likamtiririka mgongoni. Maneno yalijipanga kooni kama abiria mlangoni, kila moja likimsukuma mwenzake. Akayameza. Yakapanda tena. Akayameza tena, pamoja na mate na kiburi cha miaka kumi na miwili.

Bila bila, dakika ya themanini na tisa. Walikuwa wamerudia mti kwa mara ya nne.

"Winga anaingia... anaongeza kasi... jamani, huyu... jamani, jamani, GOOOOOO!"

Tarumbeta akaruka. Mikono ilikwenda juu, mishipa ya shingo ikasimama, mdomo ukapanuka hadi jino la mwisho. Kila kitu kilitoka isipokuwa sauti. Akatua kwa miguu miwili na kuganda hivyo hivyo, kinywa wazi, machozi machoni, akiwa na hakika kwamba akilegeza mdomo hata kidogo tu, sauti itapenya.

Wenzake walimtazama. Bila shaka ndilo zoezi linalofuata; huyu bwana amewahi tu. Mmoja akainua mikono na kuachama. Wa pili akafuata. Punde watu wote tisa walikuwa wameachama kuelekea mbinguni, kimya kama picha.

Mwalimu alifungua macho. Aliwatazama kwa muda, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akaachama na yeye kidogo, kujaribu.

"Vizuri sana," akasema. "Tubaki hapo. Pumzi tano."