Kipimo Ameondoka Kazini

Simu ilipoita, Mwalimu alikuwa amepiga magoti akimfunga mtoto kamba za viatu. Alipoona jina, aliiacha kamba moja bila kuifunga. Alikuwa Mama Vioo, mwenye karakana ambako mdogo wake alikuwa amerudi kazini wiki hiyo hiyo.

"Mwalimu, ndugu yako yuko na wewe?"

"Mimi niko darasani. Si yuko kwako?"

 Nyuma ya Mama Vioo mashine ya kusaga kingo za vioo ilikuwa inalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni.

"Alikuwa hapa. Ameondoka bila kuaga mtu. Kioo amekiacha mezani, amekichora mstari wa kukatia tu, hajakivunja. Na simu yake iko kwenye koti lake la kazi."

Mwalimu alimkabidhi mwenzake darasa zima la chekechea, akatoka na chaki mkononi bila kujua.

Pale karakanani mdogo wake walimwita Kipimo. Alikuwa anaweza kulitazama dirisha na kutaja upana wake, futi ya chuma ikaja baadaye kukubaliana naye tu. Kisha maradhi yakamjia. Yalianza kwa kukosa usingizi, zikafuata sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia, halafu akaamini kwamba vioo anavyokata vinapeleka habari zake kwa watu. Majirani walisema mengi: karogwa, kavuta bangi, anajidekeza. Siku moja sokoni alizijibu zile sauti kwa ukali, mama mmoja akashtuka na kukumbatia mkoba wake, mtu akapaza sauti "Mwizi!" Kilichofuata Mwalimu hakupenda kukisimulia. Alimkuta mdogo wake amekaa kwenye matope, jino halipo, anawaomba radhi watu waliompiga.

Kwa hiyo hofu yake haikuwa juu ya atakachofanya Kipimo. Aliogopa atakachofanyiwa.

Karakanani watu walikuwa wamesimama. Dereva, yule anayepeleka vioo kwa wateja, alimpokea kwa maneno mlangoni.

"Mimi nilisema. Chizi na kioo, wapi na wapi? Tena kuna kipande kirefu hakionekani. Kilikuwa pale, chembamba kama kisu."

"Una hakika amekichukua?"

"Sasa nani? Mimi?"

 Miguu ilikuwa imekwisha kumtoa Mwalimu nje. Alipita nyumbani: chumba kitupu, kitanda kimetandikwa. Akapita kwa kinyozi. Akapita darajani, akainama kutazama maji, akajilaani kwa kuinama. Alipokaribia soko aliona umati umekusanyika, watu wamepanda hata juu ya ndoo ili waone. Alijitosa katikati kwa viwiko. "Niacheni! Ni mdogo wangu! Ni mgonjwa!"

Katikati alisimama mwuza sumu ya panya mwenye kipaza sauti, amemshika panya mfu mkia.

"Pole sana, dada," mwuzaji alimwambia, bado kwenye kipaza sauti. "Ila huyu ameshakufa."

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, akacheka mpaka akalazimika kushika meza ya mtu, na alipojipangusa uso akaona ni machozi.

Simu ikaita tena. Mama Vioo. "Kile kipande kimepatikana. Dereva mwenyewe alikipakia garini asubuhi na mabaki mengine, kasahau. Lakini Kipimo bado."

Pumzi moja ikamtoka, nyingine ikakataa. Alibaki na mahali pamoja tu ambapo hakuwa amekwenda, na hakuwa amekwenda kwa sababu Kipimo hakuwahi kufika pale ila kwa kuvutwa: kliniki ya magonjwa ya akili, nyuma ya hospitali.

Alimkuta kwenye benchi, ameziba masikio kwa viganja, anatikisa goti. Nesi alikuwa amekaa kando yake, haongei, amekaa tu.

"Amekuja mwenyewe," nesi alisema kwa sauti ya chini. "Alifika mlangoni akasema, 'Zimerudi, nisaidieni.' Daktari anakuja kumwona."

Mwalimu alitaka kumkumbatia na kumkaripia kwa pamoja. Likatangulia karipio.

"Kwa nini hukuniambia? Simu umeiacha! Unajua nimezunguka wapi mimi?"

Kipimo alitoa kiganja kwenye sikio moja. Aliongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ile mashine, dada. Ikilia, nao wanaongea ndani yake. Mkono ukaanza kutetemeka na kioo kiko chini yake. Nikaweka kikatio chini, nikatoka. Simu niliiacha makusudi."

"Makusudi?"

"Ungenipigia. Nisingeweza kukudanganya. Ungekuja kunichukua, unifungie tena."

Nesi alitazama pembeni.  Ni kweli, baada ya lile la sokoni Mwalimu alimwita seremala akapigilia komeo upande wa nje wa mlango wa Kipimo. Kila alipokwenda kazini alilisukuma, na kila alipolisukuma alijiambia, ni kwa ajili ya usalama wake.

"Nilikuwa naogopa," alisema.

"Na mimi naogopa. Lakini mimi ndiye ninayekuwa ndani."

Daktari alibadilisha dozi, akakaa nao wote wawili. Akawaambia maradhi haya hutibika, ila yanaweza kukaa na mtu miaka, yakapanda na kushuka; na kwa kuwa yanamzuia mtu kufanya kazi na kuishi na wenzake kama angependa, nayo ni ulemavu, ingawa hauonekani kwa macho. "Asiye na mguu tunampa gongo, na njia tunamsawazishia," alisema. "Kaulizeni huko kazini, njia ya huyu inasawazishwa vipi." Jioni ile Mwalimu aliazima bisibisi, akaling'oa komeo kwa mkono wake, akavunja kucha. Usiku usingizi ulimpaa.

Kipimo alipopata nafuu walikwenda pamoja karakanani. Njiani Mwalimu alipanga hotuba nzima kichwani, na walipokaa mbele ya Mama Vioo hotuba yote ikayeyuka. Aliyeongea ni Kipimo, macho yakiwa sakafuni.

"Dawa zinanifanya mzito asubuhi. Nikianza kazi baadaye kidogo, mkono unatulia. Meza yangu ikihamia chumba cha nyuma, mashine siisikii sana. Na zikija, nataka niweze kusema 'natoka' na nitoke, bila kuulizwa mbele ya watu."

Dereva alikuwa ameegemea mlango. "Sasa na sisi tukitaka kuanza kazi tukiisha kuamka vizuri? Mtu ana mikono miwili, miguu miwili. Ulemavu uko wapi hapo?"

 Mama Vioo akageuza kichwa. "Amesema nini? Njoo upande huu."

Sikio lake la kushoto liliuawa na ile mashine zamani. Dereva akazunguka kulia, akafungua mdomo ili arudie, kisha akasita. Kila mtu pale ndani alikuwa amezunguka hivyo mara zisizo na idadi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Basi," alisema Dereva hatimaye, amenuna. "Ila mimi bado naogopa, nisiwadanganye."

"Hata mimi," Kipimo alisema. Mama Vioo akacheka peke yake, akaamuru meza ihamishwe.

Mambo hayakunyooka kama rula. Kuna siku Kipimo alikata vioo vya jengo zima bila ufa, na kuna siku hakutoka kitandani. Mteja mmoja aliposikia habari zake alipeleka kazi kwingine, na Mama Vioo akamwacha aende. Mwalimu naye alijifunza kwa shida kutopiga simu kila mapumziko. Mkono ulikuwa unaifuata simu wenyewe, anaurudisha.

Kisha mchana mmoja, watoto wakiwa wanaimba, simu ikaita. Namba ya Dereva. Nyimbo zote zikafifia masikioni mwake.

"Usishtuke, Mwalimu," alisema Dereva, na mngurumo wa gari ukasikika. "Kasema 'natoka', nikamwambia panda. Tuko njiani kwenda kliniki. Yuko hapa kando yangu, kazima redio yangu, nami nimenyamaza. Unataka kuongea naye?"

Mwalimu alifumba macho. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa maswali.

"Muulize yeye kama anataka," alisema, akasubiri.