Mlinzi wa Goli kutoka Kitivo cha Sheria

Pale kitivo cha sheria wengi walikuwa wamelisahau jina lake halisi. Walimwita Kifungu, kwa kuwa hakuweza kuomba hata chumvi bila kutaja kifungu cha sheria kinachompa haki ya kuiomba. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kutuliza ukumbi, na alikuwa mwaka wa pili. Aliishi kwa dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na uwanja wa shule.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa swali moja. Siku za mwanzo kabisa za mwaka wa kwanza, mhadhiri wa sheria ya mikataba alimsimamisha akamuuliza jambo jepesi. Kifungu alijibu kwa kujiamini, kifua mbele, akataja na kesi ya kuunga mkono jibu lake. Kumbe kesi ile ilihusu ng'ombe waliokula shamba la mtu, haikuwa na mkataba ndani yake hata wa kusingizia. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wenzake walikuwa wamesahau kabla ya saa ya chakula, lakini yeye hakusahau. Alijiapiza kwamba hatasimamishwa tena akaulizwa kitu asichokijua.

Basi akawa msomaji wa kutisha. Alisoma kilichofundishwa, na kitakachofundishwa, na ambacho hakuna aliyefikiria kukifundisha. Chakula chake kikawa chai ya rangi na biskuti, vyote vikiliwa juu ya kitabu, hata kurasa zikawa na makombo. Usingizi aliuiba kidogo kidogo, kichwa kimelalia mkono. Mama yao akipiga simu kutoka nyumbani, Kifungu alimwandikia ujumbe kwamba yuko darasani, hata kama ilikuwa Jumapili. Dada yake alimweleza mara kadhaa kwamba anaanza kufanana na hanga la kutundikia nguo. Kifungu alimwahidi kupumzika baada ya mtihani. Mtihani ulipopita, ulikuja mwingine, na ahadi ikasogezwa mbele.

Siku ilipofika ya kesi ya mazoezi, ile ambamo wanafunzi hujifanya mawakili na mhadhiri hujifanya jaji, Kifungu alikuwa amejiandaa hadi kupitiliza. Aliyepangwa kushirikiana naye alikuwa kijana mmoja mnene wa kimo kifupi, mcheshi, ambaye darasani walimwita Pingamizi, maana hakuwahi kukubali jambo lolote kabla ya kulikataa kwanza. Walikuwa wanamtetea mama mmoja wa kubuni, ambaye jirani yake amejenga ukuta ukaziba dirisha la jiko lake. Kifungu alikuwa na hoja za kutosha kuubomoa ukuta ule kwa maneno matupu.

Kesi ikaitwa. Kifungu akasimama, akaweka karatasi zake sawa, akainama kumpa jaji heshima yake. Kuinama akainama. Kuinuka, mgongo ukagoma.

Kwanza watu walidhani ni unyenyekevu. Mhadhiri aliyevaa joho la jaji alisubiri, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba heshima imepokelewa, akasubiri tena. Nyuma, mtu mmoja alianza kukohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

"Wakili, unaweza kuinuka sasa," jaji akasema.

"Siwezi, Mheshimiwa," Kifungu akajibu akiwa anazungumza na meza.

Pingamizi akasimama haraka, akakohoa kidogo, akaomba shauri liahirishwe. Jaji akamuuliza kwa msingi gani. Pingamizi akamtazama mwenzake aliyekunjika kama kiti cha harusini, akasema kwamba msingi wenyewe unaonekana kwa macho. Wakamtoa wakimshika huku na huku, na jasho jembamba likimtiririka. Kicheko alichokikimbia tangu mwaka wa kwanza kilimfuata mpaka mlangoni.

Kwenye zahanati ya chuo alimkuta daktari wa kike, si mkubwa sana kwake kwa umri. Alimchoma sindano ya maumivu, akamnyoosha taratibu, kisha akaanza kumhoji. Alikula nini jana. Alilala muda gani. Mara ya mwisho kutembea bila kubeba kitabu ilikuwa lini. Kifungu, ambaye alizoea kujibu kwa aya nzima, alijikuta anajibu kwa neno moja moja kama shahidi aliyebanwa. Daktari akamwambia kwamba misuli ya mgongo imekakamaa kwa kukaa mno, na damu imepungua kwa kutokula. Kisha akaweka kalamu chini.

"Na moyoni je, mdogo wangu? Unaendeleaje?"

Kifungu alifungua mdomo kusema yuko salama. Badala yake machozi yakamtoka, na hayakuonyesha dalili ya kuisha. Daktari hakumharakisha. Alimpa kitambaa cha karatasi, akakifuatisha na boksi zima, na walipoachana alikuwa amempangia siku ya kuonana na mshauri wa wanafunzi, na amemwagiza atafute mazoezi yoyote yanayomfanya atoke jasho pamoja na watu wengine.

Kwa mshauri alikwenda kwa shingo upande. Safari ya kwanza aliona amepoteza saa nzima ya kusoma. Safari ya pili alimsimulia juu ya wale ng'ombe, na alipofika mahali pa kicheko, mshauri naye alishindwa kujizuia akacheka, na kwa mshangao wake Kifungu akacheka pia. Tangu hapo hakuikosa siku yake.

Mazoezi yalikuwa shauri jingine. Dada yake alichezea timu ya mpira wa pete ya walimu, wanawake waliocheza kila Jumamosi jioni kwenye uwanja wa shule, wengine wakiwa na wajukuu. Mlinzi wao wa goli alikuwa amehamishiwa kituo kingine, na nafasi yake ilikuwa wazi. Dada alimtazama mdogo wake kuanzia unyayoni hadi utosini.

"Urefu huo umekaa bure humu ndani," akasema. "Jumamosi unavaa raba."

Kifungu akaleta hoja. Hajawahi kucheza. Si mwalimu. Ana insha ya kuwasilisha. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akipepeta mchele, kisha akamwambia kwamba maagizo ya daktari hayana rufaa. Ikabidi akubali.

Siku ya kwanza ilikuwa vichekesho. Kifungu aliudaka mpira vizuri sana, kwa mikono yake mirefu, halafu akasimama nao akitafakari. Alimpima huyu, akamlinganisha na yule, akaangalia faida na hasara za kila upande, na filimbi ikalia kwamba amekaa na mpira kupita muda. Mwamuzi alikuwa mwalimu mkuu wa shule, baba mmoja mtulivu mwenye kitambi na miwani. Kifungu akamwendea na kumweleza kwa adabu zote kwamba neno "kukaa" linahitaji tafsiri. Mwalimu mkuu akamsikiliza, akapuliza filimbi, akawapa wapinzani mpira. Wakati Kifungu bado anaeleza, wapinzani walifunga.

Ikatokea tena, na tena. Kila alipokosea alibaki palepale, mikono kiunoni, akidai uamuzi uangaliwe upya. Mwishowe mwalimu mkuu alimwomba akapumzike nje kidogo, apate maji. Alitoka macho yakimwaka. Alikaa kwenye benchi, akaanza kupanga kichwani hoja ya kujitetea mbele ya baraza ambalo halikuwepo.

Dada alikuja wakati wa mapumziko, anahema, kanga ameifunga kiunoni juu ya suruali ya michezo.

"Unadaka vizuri kuliko sisi wote," akasema. "Shida yako ni moja. Mpira ukikupotea, wewe unabaki kuulilia pale ulipokupotea. Sisi tuko goli la pili, tunakutafuta."

"Lakini alinionea, Dada."

"Huenda alikuonea. Sasa tufanyeje, tusimame wote tumlilie?"

Maneno yale yalimgusa Kifungu pale alipokuwa ameficha. Alijiona ukumbini, mwaka wa kwanza, bado amesimama na jibu lake la ng'ombe, na darasa zima limekwishaondoka. Kipindi cha pili alirudi uwanjani. Alipokosea, aliuma mdomo akakimbia. Walifungwa vibaya, lakini mara moja aliruka akaupangua mpira uliokuwa unaingia, na walimu wote, hadi bibi mmoja aliyefundisha darasa la kwanza, wakaja kumpiga piga mgongoni. Siku hiyo alirudi nyumbani ana njaa ya kweli, njaa ya mtu aliyefanya kazi, akala ugali akaongeza, akalala kama gogo.

Asije mtu akadhani mambo yalinyooka mara moja. Alipopunguza saa za kusoma, alama zake za sheria ya ardhi zilishuka kidogo kwenye jaribio lililofuata. Alishtuka. Jumamosi ile aliziweka raba chini ya kitanda akakaa na vitabu, dada yake akatoka kimya kimya bila kumbembeleza. Kupitia dirisha alisikia filimbi na kelele za walimu. Alisoma ukurasa mmoja, akausoma tena, akagundua hajui ulichosema. Kisha akajiuliza swali ambalo mshauri aliwahi kumuuliza, kwamba zile alama nzuri za zamani alizipata pamoja na nini kingine. Akaukumbuka mgongo. Akalikumbuka boksi la vitambaa vya daktari. Akachukua raba zake, akaingia uwanjani kipindi cha pili, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Akaanza kula asubuhi kabla ya kutoka. Akaweka mpaka wa vitabu, kwamba baada ya chakula cha jioni vinafungwa, na hata kama sura haijaisha, itamkuta kesho. Akampigia mama yao simu mwenyewe. Mama alidhani kuna msiba. Akauliza nani kafariki. Kifungu akamwambia hakuna, anataka tu kusikia habari za nyumbani, na mama akazitoa zote kwa mpigo, kuanzia kuku hadi majirani, na Kifungu akazisikiliza akiwa amelala chali, miguu juu ya ukuta, anatabasamu.

Kesi iliyoahirishwa ikapangiwa siku mpya. Pingamizi alimpokea mlangoni akamshauri kwa dhati ainame kwa kichwa tu. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Habari za mgongo zilikuwa zimesambaa, na wengine walikuja kuona kama utagoma tena. Kifungu akainama, akainuka, na nyuma kukasikika makofi machache ya dhihaka. Naye akacheka kidogo, akaanza.

Alizungumza vizuri. Alieleza habari za jiko, moshi na mwanga. Katikati ya hoja, jaji akamkatiza akamuuliza msimamo wake juu ya uamuzi fulani wa mahakama ya rufaa kuhusu madirisha yaliyozibwa. Kifungu akapekua kumbukumbu zake zote. Hakuukuta. Hakuwahi hata kuusikia.

Pembeni, Pingamizi alikuwa anafunua karatasi kwa fujo kama kuku anayetafuta mdudu. Kifungu akajua kabisa kwamba hiki ndicho alichokuwa anakikimbia miaka yote miwili. Akavuta pumzi.

"Mheshimiwa, uamuzi huo sijausoma," akasema.

Hakuna aliyecheka. Paa halikudondoka.

"Naomba Mheshimiwa aniambie, dirisha lile lilikuwa la chumba gani?"

Jaji akainua nyusi. Akamjibu kwamba lilikuwa la ghala la kuhifadhia mizigo.

"Basi mteja wangu yuko tofauti. Magunia hayapumui, Mheshimiwa. Mteja wangu anapika mle ndani kila siku."

Kicheko kikapita ukumbini, safari hii cha kumuunga mkono, na jaji mwenyewe akainamisha kichwa kuandika ili watu wasimwone mdomo.

Walishindwa. Wenzao walikuwa wamejipanga vizuri zaidi upande wa haki za mwenye kiwanja, na jaji akasema hivyo waziwazi. Lakini aliongeza kwamba amesikiliza mawakili wengi, wa mazoezi na wa kweli, na ni wachache waliowahi kumwambia hawajui bila kuzunguka mbuyu. Pingamizi aliupinga uamuzi ule njia nzima hadi nyumbani kwa dada, akapinga hata baada ya kukaribishwa chakula, akanyamaza tu alipotiliwa sahani ya pili. Mlo ulipokwisha, dada alimuuliza kama na yeye mgongo wake uko salama. Pingamizi akapinga kwamba una tatizo, kisha akakiri kwamba siku hizi akipanda ngazi za maktaba huona nyota. Dada akamwambia timu inahitaji mtu wa kukimbilia mipira inayotoka nje, na inatoka mingi.

Mwisho wa muhula Kifungu alifaulu masomo yote. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa katikati ya wale wazuri, mahali ambapo zamani pangemkosesha usingizi. Wiki hiyohiyo timu ya walimu ilikwenda kucheza na wauguzi wa hospitali ya mkoa, wanawake wenye mapaja ya kukimbia wodini mchana kutwa, ambao waliwafunga magoli ambayo hata bibi wa darasa la kwanza, mwalimu wa hesabu, aliacha kuyahesabu. Kifungu aliruka, akaanguka, akachubuka goti, akaamka. Dakika za mwisho aliupangua mpira wa mfungaji wao hodari kabisa, na muuguzi yule akamshika bega akamuuliza anafundisha shule gani.

"Mimi si mwalimu," Kifungu akamjibu, anahema, uso mzima unang'aa kwa jasho. "Nasomea sheria."

Muuguzi akasema pole, akamrushia mpira, na mchezo ukaendelea.